Maziwa Yanayoshika Utamu

Mama mkubwa Marsela alizaliwa katika nchi isiyo na ng'ombe. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu watu wa ukoo wetu wakimtaja huanza na mume wake, na mguu wa mume wake, na kufa kwa mume wake, kisha wanatikisa kichwa na kuendelea kula. Hakuna anayeanza na ng'ombe. Usipoanza na ng'ombe utabaki kumwona mjinga, na mjinga hakuwa.

Nchi yetu ya Wakonongo ilikuwa nchi ya mbung'o. Ng'ombe akiingia hakai. Anakonda, macho yanatoa machozi, manyoya yanasimama, siku moja hainuki. Kwa hiyo wazee wetu walifuga kuku, wakawinda, wakalima mihogo na mahindi, na zaidi ya yote wakatundika mizinga ya nyuki. Mtoto akishaachishwa ziwa la mama yake, habari ya maziwa imekwisha maishani mwake. Mama mkubwa alikuja kuonja maziwa ya ng'ombe akiwa ameshamwoza binti yake Natalia huko Karema, ziwani. Utamu alioujua yeye ulikuwa wa asali, na baadaye wa sukari ya dukani. Maziwa yawe na ladha gani, yawe matamu kiasi gani, hilo hakuwa na pa kujifunzia.

Mumewe aliitwa Ponsian, naye alikuwa mrina asali. Reli ilipofika Mpanda na mgodi wa risasi ukaanza kuchukua watu, vijana wengi wa rika lake waliingia shimoni. Yeye hakutaka. Alisema mtu akishuka ardhini akiwa hai anaifundisha ardhi tabia mbaya. Akajenga nyumba Makanyagio, hapo Mpanda, kama wenzake, lakini msimu ukifika alikwenda zake porini na shoka, kamba na kapu la chakula, akarudi na madebe ya asali na mabonge ya nta. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno mengi, anayesalimia hadi kuku. Watu walimpenda. Asali aliila na ugali, aliila na muhogo wa kuchoma, aliitia kwenye maji ya kunywa. Chai yake ilikuwa nzito kwa sukari hata ukiimwaga chini inzi hawakupi nafasi ya kufagia. Mama mkubwa alimpikia hivyo kwa miaka yote ya ndoa yao, akijivunia kwamba nyumba yake haina shida ya utamu.

Mwaka wa hamsini na nne Ponsian akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Aliinuka usiku mara nyingi kwenda nje. Akakonda, suruali ikawa inashikwa na kamba. Kule nyuma ya nyumba alikojisaidia, sisimizi wakawa wanapanga mstari. Mama mkubwa aliwaona akacheka, akamwambia mumewe hata mkojo wake sasa unarinwa. Hilo cheko lilimsumbua baadaye, ingawa mimi sioni kosa lake. Mtu hucheka anachokijua, na ugonjwa ule alikuwa haujui. Kisha Ponsian akajikwaa kisiki huko porini, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikachubuka, na kidonda hakikutaka kupona.

Katika hospitali walikopelekwa alikuwapo dresa mmoja, mfunga vidonda, aitwaye Athuman, Mmanyema wa kutoka upande wa Ujiji, mtu mpole mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi. Athuman aliuchemsha mkojo wa Ponsian pamoja na dawa ya buluu, na ile buluu ikageuka, ikawa na rangi ya tofali. Daktari alipoiona hakuwa na maswali mengi. Ni kisukari, alisema, na Athuman akatafsiri. Sukari basi. Asali basi. Pombe basi. Ugali upungue. Sindano za ugonjwa ule zilikuwa mbali, na hata zingekuwa karibu si za kuzipata mrina asali wa Makanyagio. Akiacha utamu ataishi miaka. Asipoacha, mguu utaoza, naye ataufuata.

Basi hapo mama mkubwa alipewa kazi yake. Alitoka pale akijua jambo moja tu: uhai wa mumewe umo katika kinywa cha mumewe, na kinywa kile yeye ndiye anayekilisha.

Ponsian alikubali nusu. Sukari sawa, alisema, sukari ni kitu cha kiwandani, nani anajua wanatia nini. Lakini asali si sukari. Asali ni dawa, babu yake alipakwa asali kwenye kidonda cha chui akapona, na haiwezekani kitu kimoja kiwe dawa kwa babu na sumu kwa mjukuu. Mabishano hayo yalijaa nyumba kwa majuma. Mwisho alikubali kuacha asali, kwa shingo upande, kwa sharti kwamba chai haitanywewa ikiwa kavu kama maji ya kuoshea majani. Akipewa chai isiyo na utamu, aliiacha kikombeni, akachukua fimbo yake akaenda kutembea, na mama mkubwa alijua vizuri matembezi yale yanaishia kwenye chai ya nani na kwenye chungu cha asali cha nani. Makanyagio nzima hakuna aliyeweza kumnyima Ponsian kikombe.

Athuman ndiye aliyempa vidonge vya sakarini. Vilikuwa vidogo, vyeupe, katika chupa ndogo, vimeletwa na treni kutoka Tabora. Kimoja kilikuwa na utamu wa vijiko kadhaa vya sukari, na mwilini kinapita tu, hakiachi kitu. Mama mkubwa alikiweka kimoja kwenye ncha ya ulimi akashtuka. Alirudi nyumbani karibu akimbie.

Chai yetu, kwa asiyejua, hupikwa. Haitengenezwi mezani kama ya wazungu. Maji, majani na sukari vinaingia sufuriani pamoja na vinachemka pamoja mpaka vielewane. Naye akatia vidonge mwanzoni, kama alivyozoea kutia sukari, akaviacha vichemke. Ponsian alipiga funda la kwanza, akatulia, kisha uso ukajikunja. Alisema chai inaanza tamu na kuishia msumari. Kesho yake mama mkubwa alijaribu uji wa ukwaju, akidhani uchachu utaufunika ule uchungu, akatia vidonge humo na kuuchemsha kwa muda mrefu zaidi. Ukawa mbaya kuliko chai. Ponsian aliutema mlangoni, akachukua fimbo. Siku ile mama mkubwa alilia. Alikaa jikoni mbele ya sufuria ya uji, akalia kama mtu aliyefiwa, kwa sababu ya vidonge.

Maziwa yaliingia katika habari hii kwa bahati. Shamba lake la mihogo lilikuwa Ilembo, na huko karibu na shamba alikuwako Mnyamwezi mmoja aitwaye Ambrosi, aliyewahi kufanya kazi ya gengi kwenye reli. Alipostaafu alileta ng'ombe wachache kwa treni, watu wakamcheka waziwazi. Ambrosi alifyeka pori pembeni, akawawekea moshi wa mavi makavu mchana kutwa kufukuza mbung'o, na ng'ombe wale kwa miujiza wakasimama. Mkewe Bibiana alimpa mama mkubwa kibuyu cha maziwa, akapokea mihogo. Akamfundisha kuyachemsha, maana mama mkubwa hakujua hata kwamba maziwa hufura yakamwagika motoni. Chemsha kwa moto mdogo, Bibiana alimwambia, na ukiyachemsha sana yanakuwa mazito na utamu unazidi.

Mama mkubwa akapika chai ya maziwa, akatia vidonge. Ponsian alikunywa funda la kwanza, akangoja. Alikuwa amezoea kungoja ule msumari uje. Haukuja. Akanywa tena akangoja tena. Halafu akanyoosha kikombe, aongezwe.

Mama mkubwa hakuwa mtu wa kuliacha jambo jema bila kuliuliza. Alikwenda kwa Athuman akataka kujua maziwa yamefanya nini. Athuman mwenyewe hakuwa na hakika, akamuuliza daktari, akarudi na jibu. Kidonge kile, alisema, kikichemshwa sana, na hasa penye uchachu kama wa ukwaju, kinaharibika. Utamu unakatika unabaki uchungu. Lakini ndani ya maziwa mna kitu, ndicho kile kinachoganda maziwa yakilala. Siku hizi waliosoma wanakiita protini. Athuman alikiita nyama ya maziwa. Nyama hiyo inaupoza uchachu, kidonge kisivunjike upesi, na ule uchungu uliopo inaufunika usifike ulimini wote. Akamshauri pia asikichemshe tena, akitie sufuria ikishaipuliwa. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wakimngoja na vidonda vyao, akafupisha. "Kwa kifupi, mama, maziwa yanashika utamu."

Sentensi fupi ni kitu cha hatari. Inabebeka. Ile ndefu ya kabla yake mama mkubwa aliiacha pale hospitali pamoja na harufu ya dawa, lakini hii fupi alirudi nayo Makanyagio, akalala nayo, akawaambia majirani. Maziwa yanashika utamu. Na kweli yalikuwa yakiushika. Kwa zaidi ya mwaka Ponsian alikunywa chai ya maziwa na vidonge, asubuhi na jioni. Fimbo ikakaa pembeni. Kiu ikapungua. Kidonda kikaanza kufunga kutoka pembeni, ngozi mpya ikaonekana, nyororo kama ya mtoto. Alirudi porini msimu ule akarina, asionje hata nta. Mama yangu anasema ule ndio mwaka pekee aliomsikia dada yake akiimba akitwanga.

Halafu ng'ombe wa Ambrosi wakafa. Moshi ulikuwa uleule, pori lilikuwa limefyekwa vilevile, ila mvua zilikuwa kubwa na majani yakaota upesi kuliko mikono ya Ambrosi. Wa kwanza alianza kutoa machozi. Mama mkubwa alipoyaona machozi yale alielewa kuliko mtu yeyote pale. Alikuwa mtoto wa nchi ile. Walikwenda mmoja baada ya mwingine. Ambrosi alikaa kwenye kigogo mbele ya zizi tupu, na waliomcheka zamani walipita bila kucheka. Yeye na Bibiana walipanda treni kurudi kwao, na kibuyu walimwachia mama mkubwa.

Akarudi kwenye chai ya rangi. Sasa alitia kidonge mwishoni, kama alivyoelekezwa, na uchungu ulipungua, lakini Ponsian alikuwa ameshazoea kitu kingine. Alikunywa nusu. Siku ya pili robo. Siku ya tatu mama mkubwa alitoka shambani akakuta fimbo haipo pembeni. Alikwenda kusimama mlangoni akitazama njia.

Ndipo alipoyaona maziwa ya kopo. Yalikuwa yamepangwa kwenye rafu ya duka la Hamis, karibu na stesheni, makopo mafupi manene yenye picha ya ng'ombe. Wanunuzi wake walikuwa makarani na watu wa mgodini. Mama mkubwa aliuliza kama hayo ni maziwa kweli. Hamis akasema ni maziwa. Ya ng'ombe? Ya ng'ombe, mama, ng'ombe wa Ulaya, yamechemshwa mpaka yakawa mazito ndiyo maana hayaharibiki. Hakusema uongo hata neno moja. Aliulizwa habari ya ng'ombe akajibu habari ya ng'ombe.

Nyumbani alilitoboa kopo kwa msumari, akakinga tone kwenye kiganja, akalamba. Lilikuwa tamu. Lilikuwa tamu sana, na hapa ndipo ndugu zangu wanapomcheka, wanasema hata mtoto angejua. Mtoto gani? Mtoto wa Kisukuma aliyekulia kwenye zizi, ndiyo. Mama mkubwa maziwa alikuwa ameyajua kwa mwaka mmoja na nusu tu wa uhai wake, kutoka kwa ng'ombe wachache, wakondefu, waliokula moshi. Bibiana alimwambia maziwa yakichemshwa sana yanakuwa mazito na utamu unazidi. Haya yalikuwa mazito kuliko yote aliyopata kuyaona, na ng'ombe kwenye picha alikuwa mnene, shavu linang'aa. Kila kitu kilikubaliana. Hata sisimizi walipoanza kulizunguka lile kopo, aliliweka katika bakuli la maji kama alivyokuwa akiweka chungu cha asali, akaendelea na kazi zake.

Alipika, akatia maziwa ya kopo, akatia vidonge viwili kama kawaida, akampelekea. Ponsian alipiga funda, akaliweka mdomoni muda mrefu kabla ya kulimeza. Kisha akamtazama mkewe. Mama mkubwa alikuwa amesimama mbele yake ameshika sinia kwa mikono miwili, akingoja.

"Leo umeiweza, Mama Natalia," akasema.

Tangu siku hiyo Ponsian hakuchukua tena fimbo yake. Na mama mkubwa, kwa furaha, akaanza kufanya hesabu yake mwenyewe: maziwa haya yanaushika utamu vizuri kuliko yale ya Ambrosi, kwa hiyo vidonge viwili vya nini? Akatia kimoja. Baadaye akawa anakikata kwa kisu, akatia nusu. Chupa ya sakarini ilikaa muda mrefu. Alijiona amekuwa mke hodari, anayejua kutunza dawa ya mumewe.

Kiu ikarudi. Ponsian alipoomba maji, yeye alimpa chai, maana chai ina nguvu na mtu alikuwa anakonda. Asubuhi, mchana, jioni. Kidole kikafunguka tena, kikawa cheusi, weusi ukapanda. Mama mkubwa alilaumu kisiki. Alilaumu ugali akaupunguza mpaka ukawa tonge la mtoto. Alilaumu shemeji zake waliokuja na pombe ya asali sikukuu ya Pasaka, akawafukuza, wakakasirika, na ugomvi ule haujaisha hadi leo. Alimtaka Ponsian arudi hospitali. Ponsian alikataa, kwa kuwa alijua huko wana msumeno. Akasema atapona kwa chai yake.

Alipopelekwa hospitali alibebwa kwenye machela na wanaume wa jirani waliofunga pua kwa vitambaa. Daktari alifunua shuka, akaufunika mguu tena. Kukata kusingesaidia, uozo ulikuwa umeshapita goti. Athuman, ambaye nywele zake zilikuwa zimeanza mvi, alikaa na mama mkubwa kwenye benchi la nje, akamuuliza mgonjwa amekuwa akila nini. Naye akamweleza kwa kirefu, bila kuficha, kama mtu anayetaka kusaidiwa kuona kosa liko wapi. Ugali kidogo. Mboga. Asali hajagusa. Sukari haijaingia nyumbani. Chai yake ya maziwa na kidonge, na hata vidonge amepunguza. Chai yenyewe alikuwa nayo, amekuja nayo kwenye birika. Akammiminia Athuman kikombe, kwa adabu tu, maana alionekana amechoka.

Athuman alikunywa. Akakitazama kikombe.

"Mama, umetia sukari."

"Sijatia."

"Umetia nini?"

"Maziwa. Nusu kidonge. Tena leo hata kidonge sijatia, chupa imeisha."

Athuman akamwomba alete hayo maziwa. Alikwenda Makanyagio akarudi na kopo. Mama mkubwa alijua kusoma, na hili ndilo linaloniuma mimi kuliko mengine yote. Mapadri walimfundisha katekisimu, alisoma Kiswahili vizuri, alikuwa akiwasomea majirani barua zao. Kopo lilikuwa limeandikwa Kiingereza. Athuman alisoma polepole, midomo ikicheza, akaweka kidole kwenye maandishi madogo chini ya picha ya ng'ombe.

"Humu ni maziwa na sukari. Karibu nusu kwa nusu."

Mama mkubwa aliinama akatazama pale palipokuwa na kidole. Alitazama kwa muda mrefu. Athuman alianza kusema kwamba kosa ni lake, kwamba ilimpasa afafanue, kwamba maziwa hulinda utamu wa kidonge lakini hayana utamu wa kiasi kile. Hakumsikia. Aliniambia alikuwa akihesabu vikombe, na kila akifika mahali anapoteza hesabu anaanza upya.

Aliporudi ndani, Ponsian alikuwa macho. Homa ilikuwa imeshuka kidogo mchana ule. Akauliza chai yake iko wapi.

Mtu mwingine angedanganya. Angesema imemwagika, angesema kesho. Mama mkubwa alivuta kigoda akakaa karibu na kichwa cha mumewe, akamwambia yote, tangu duka la Hamis mpaka kidole cha Athuman. Akasema ni yeye aliyemuua, kwa mkono wake, kikombe kwa kikombe, akishukuru Mungu.

Ponsian alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, kwa sauti yake ya zamani, ile ya kusalimia kuku:

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ile ya kwanza. Mimi nimerina asali tangu sina ndevu, Mama Natalia. Sukari naijua hata ukiificha kwenye majivu. Nilijua ni sukari, nikanywa, nikanyamaza. Usijibebeshe mambo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungenirudishia kile kichungu."

Akafumba macho. Mama mkubwa aliinuka, akatoka nje, akasimama kwenye jua. Alisema alisikia moyo wake umekuwa mwepesi, mara moja, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Kisha, kabla hajafika hata kwenye benchi, akasikia hasira. Miezi yote ile. Kupunguza ugali, kufukuza shemeji, kukata kidonge kwa kisu huku akishikilia pumzi kisipotee, na mumewe amekaa pale anakunywa, anamsifu. Na kabla hasira haijakaa vizuri likaja wazo la tatu, ambalo halikutoka tena: labda hakujua kitu. Labda amesikia mkewe anavyojilaumu, akatafuta la kusema, akalipata hilo, na akalisema vizuri, maana alikuwa hodari wa maneno.

Akarudi ndani kumuuliza. Homa ilikuwa imepanda. Ponsian alikuwa akiongea na watu wa kambi ya asali waliokwisha kufa, akiwaambia wasisahau kamba. Alimuuliza asubuhi, akamuuliza jioni, akimwinamia sikioni mpaka wagonjwa wengine wakamwonea aibu. Ponsian alikufa Jumamosi bila kurudi kwenye mazungumzo yale.

Mama yangu anasema shemeji yake alidanganya kwa upendo na hakuna la kujadili. Wajomba wanasema alijua, kwamba mlafi wa utamu ni mlafi tu, na kwamba Marsela alihangaika bure. Wote wanasema haraka, kwa kuwa si wao wanaolala nalo. Mimi nimelipima kwa miaka na sijapata. Ile namna alivyolishika lile funda la kwanza mdomoni, akamtazama mkewe: mtu aliyejua angefanya hivyo. Lakini na mtu aliyefurahi angefanya hivyo.

Akiamini la kwanza, mama mkubwa alikuwa mjane wa mtu aliyemwacha amuue bila kumwambia. Akiamini la pili, alikuwa muuaji aliyepewa msamaha wa uongo. Alikuwa akibadilisha. Kuna miaka aliishi na la kwanza, na miaka hiyo alikuwa mkali, hakutaka picha ya Ponsian ukutani. Kuna miaka aliishi na la pili, na hiyo ilikuwa mibaya zaidi, maana alikuwa mpole mno, anakubali kila kitu, anawapa watu mihogo yake bila wao kuomba. Hakuolewa tena. Alilima Ilembo mpaka mgongo ulipokataa.

Nilimsindikiza makaburini Siku ya Marehemu, mara kadhaa, nikiwa mtu mzima. Wengine waliwasha mishumaa na kusali. Yeye aling'oa majani kwanza, akapangusa mikono kwenye kanga, kisha akasimama upande wa kichwa. "Baba Natalia," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "ulijua, au hukujua?" Na akangoja. Alingoja kweli, shingo imeinama kidogo upande mmoja, kama unavyomngoja mtu aliyeingia chumbani kutafuta kitu ulichomwomba. Watu walitupita. Baadaye alisema, "Haya," tukaondoka.

Alipokufa tulimzika ubavuni mwa mumewe. Shangazi mmoja, aliyekuwa analia kwa utaratibu mzuri tangu asubuhi, alisema sasa Marsela amepumzika. Lakini nilimjua mama mkubwa, na nilijua kwamba kupumzika kungesubiri, kwanza angemuuliza.